Dereva na utingo: jinsi ya kuzunguka kusini mwa Marekani na motahomu mkiwa wawili

Kabla hamjashika hata simu kuangalia bei za kukodi motahomu, lile gari-nyumba, kaeni mezani muamue nani dereva nani utingo. Sitanii. Mimi na Baba Nasra tuna miaka kumi na moja ya ndoa na hatujawahi kugombana kama siku ya kwanza tunapaki kambini (uwanja wa kulaza motahomu) Louisiana, giza limeingia, yeye kwenye usukani, mimi nyuma nampungia mikono, yeye hanioni kwenye kioo, mimi najua ananiona, na majirani wametoa viti vyao nje wanatuangalia kama mpira wa watani wa jadi. Kwetu kila mtu anajua lori halipigi rivasi bila utingo, na utingo akisema simama unasimama, maswali baadae. Sisi tulisahau hilo kwa sababu gari lina kitanda na jiko tukadhani tumekodi nyumba.

Kwahiyo utaratibu wetu baada ya siku ile ni huu. Utingo anashuka, anampigia dereva simu, dereva anaweka laudi spika, hakuna kupiga kelele wala kupunga mikono. Maneno ni manne tu: rudi, upande wako, upande wangu, simama. Usiseme kulia na kushoto maana kulia ya aliyesimama nyuma anaangalia mbele na kulia ya anayeangalia kioo mnaweza kubishana mpaka asubuhi, "upande wako" ni upande wa dereva, "upande wangu" ni upande wa kiti cha utingo, basi. Utingo asikae nyuma ya gari, akae pembeni ambapo anaona kioo cha dereva, ukiona kioo na yeye anakuona. Na utingo aangalie juu pia. Hii nitairudia mbele huko maana kusini kuna miti.

Sisi tunaishi Houston. Tulichukua siku kumi na sita mwezi wa kumi, Nasra tukamwacha kwa shangazi yake, tukapita Louisiana, Mississippi, Alabama, kipande cha Florida mpaka pwani ya Georgia, kurudi tukapitia Montgomery. Maili kama 2,200 na kuzungukazunguka humo humo.

Gari lenyewe. Motahomu za huku zipo za aina tatu, A ni basi zima, B ni kama Hiace iliyowekewa kitanda na jiko, C ni ile yenye kichwa cha kawaida cha Ford halafu juu ya kichwa kuna chumba kimetokeza mbele kama kepu. Watu wawili chukueni C ya fiti 22 mpaka 25, ndefu zaidi ya hapo mtajutia kila sheli na kila kona. B ni tamu kuendesha ila baada ya siku nne mtaanza kupishana kwa zamu kama kwenye ngalawa. Leseni ya kawaida inatosha, majimbo mengi hayakusumbui mpaka gari lipite pauni 26,000 na C ya size hiyo iko kwenye 14,000 na kitu. Waandikisheni wote wawili kama madereva hata kama mmoja hapendi kuendesha, maana mmoja akiumwa kichwa katikati ya Alabama mnafanyaje.

Ukikodi soma vitu vitatu kabla ya bei: maili ngapi kwa siku ziko ndani ya bei, masaa mangapi ya jenereta, na kama vyombo na mashuka vimo. Bei ya siku inaweza kuonekana ndogo halafu maili za ziada zikakumaliza. Gari letu lilikuwa linakula galoni moja kwa maili 9, kwahiyo piga hesabu mwenyewe, maili 2,200 ni galoni kama 245, zidisha na bei ya mafuta ya wiki hiyo. Halafu lizunguke gari mara mbili tatu na aliyekukabidhi kabla hujasaini, rekodi video, fungua kila kabati, washa kila jiko, angalia tairi. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT, mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka, ukiona 1217 hilo tairi limetengenezwa wiki ya 12 mwaka 2017, hata kama kashata zake bado nzima kataa. Gari za kukodi zinakaa juani muda mrefu, tairi linazeeka limesimama.

Andika urefu wa gari kwenda juu kwenye karatasi ubandike mbele ya dereva. La kwetu fiti 11 na inchi 3. Ramani ya kawaida ya simu haijui kama uko na Vitz au na ghorofa.

Muda wa kwenda ni Oktoba na Novemba, mi sioni mjadala hapo. Msimu wa vimbunga vya baharini unaanza tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba ila makali yake ni Agosti na Septemba, na machi mpaka mei kwenye Mississippi na Alabama ndo tonado zinapenda. Kiangazi sahau, joto la Louisiana mwezi wa saba na ule unyevu wake AC moja ya juu inahema tu, mtalala mmeangaliana. Kuna na wadudu wanaitwa lovebugs, weusi, wanaruka wawili wawili wameshikana mwezi wa tano na wa tisa, wanajaa kwenye kioo na rangi ya gari ikikaa nao juani inaharibika, na gari sio lako.

Sasa kuendesha. Simu ikikwambia masaa matano wewe andika saba. Hamuendi zaidi ya maili 60 hadi 63 kwa saa, mnasimama kujaza mafuta, mnasimama kuangalia nini kimeanguka. Sisi tuliweka sheria, maili 200 kwa siku zikizidi iwe kuna sababu, na saa tisa alasiri tuwe tumeshafika kambini. Hiyo saa tisa ndo iliyookoa ndoa, maana kupaki mchana na kupaki usiku ni vitu viwili tofauti. Mkia wa C umetokeza sana nyuma ya tairi, ukikata kushoto mkia unaenda kulia, kwenye sheli chukua pampu ya mwisho kabisa pembeni na utoke taratibu. Zile sheli kubwa za Buc-ee's wanazuia malori ya magurudumu 18 ila motahomu zinaingia, kuna nafasi, vyoo visafi kupita vya hospitali, ila ni pa kupita, usipange kulala. Miji midogo ya njia za ndani nayo ina kamchezo, unatoka 55 unashushwa 35 ndani ya mita chache na polisi yuko kwenye kivuli, ukiona kibao cha jina la mji toa mguu. Na kama mna green card tembeeni nayo mkononi, sio kopi, sheria inasema mtu mzima awe nayo.

Ukitoka Houston barabara ni I-10 mpaka inachosha. Ukipita Lafayette unaingia daraja la Atchafalaya, maili 18 juu ya maji na misitu iliyosimama ndani ya maji, ni zuri ila limeungwa vipande vipande vya zege na kila kiungo kinapiga dugu, dugu, dugu. Hapo ndo nilipojifunza kufunga kabati. Nilikuwa nimebeba samli ya mama kwenye chupa ya kioo, nimeifungia kwenye kabati la juu ya jiko na nikasikia mlango umefanya tak, nikajua imekubali. Kwenye daraja ikatoka. Kwanza ikadondoka chupa, halafu sufuria, halafu mfuniko wa sufuria ukaanza kuzunguka sakafuni kama sarafu, na huwezi kusimama pale popote mpaka exit 121 ambako kuna kituo cha wageni katikati ya daraja, kwahiyo maili kadhaa nimekaa na mkanda naangalia samli inatambaa kuelekea kwenye zulia. Tokea hapo: vitu vya kioo vinakaa kwenye sinki vimezungushiwa taulo, vizito vyote chini, vya juu ni mikate na nguo, na utingo anapita kuvuta kila mlango wa kabati kwa mkono kabla gari halijaondoka. Kusikia tak haitoshi.

Kambi: bukuni parki za jimbo kwanza, za watu binafsi baadae. Ni nafuu, nafasi kubwa, miti. Za baharini zinajaa mapema sana, watu wanabuku karibu mwaka kabla, ila Jumapili mpaka Alhamisi mara nyingi kuna mtu kaghairi, chungulieni kila siku asubuhi. Sisi tulilala Bayou Segnette pale Westwego ng'ambo ya mto kutoka New Orleans, Buccaneer kule Waveland Mississippi mkabala na bahari, Gulf State Park ya Gulf Shores Alabama yenye saiti (nafasi za kupaki) karibu 500, Topsail Hill na Suwannee River upande wa Florida, na Jekyll Island Georgia. Siku moja moja ya kupita njia Walmart zingine zinaruhusu kulala parking, zingine haziruhusu, inategemea duka, ingia ndani uulize meneja, na migahawa mingi ya Cracker Barrel hivyo hivyo. Hapo hamna kutandaza viti na jiko nje, unalala unaondoka, na heshima ununue kitu.

Mkifika kambini kuna mpangilio, usiurukie. Kwanza gari liwe levo. Weka simu sakafuni na programu ya pimamaji, tairi la upande ulioinama unaliwekea vile vipande vya plastiki unapanda juu. Friji za kizamani za gesi zinaharibika gari likiinama muda mrefu, na hata friji ikiwa ya kisasa wewe mwenyewe utalala damu imekujaa kichwani. Pili umeme. Kwenye nguzo ya umeme ya saiti zima breka kwanza, chomeka kifaa cha kuzuia umeme mkali, ndo uchomeke gari, ndo uwashe. C nyingi ni ampea 30, maana yake una wati 3,600 za kugawana, AC inakula kama 1,500, birika la umeme 1,500 nyingine, maikrowevu ikiingia hapo breka inakata na mko gizani na chai haijachemka. Kwahiyo chai chemsheni kwenye gesi kama kwetu. Jenereta inatumia mafuta ya tenki la gari lenyewe ila ikibaki kama robo inazima yenyewe ili usikwame njiani, msiite fundi.

Maji. Mpira mweupe ni wa maji ya kunywa na haugusani na mpira mwingine wowote, ukae kwenye mfuko wake. Funga na ile regyuleta ya presha maana bomba za kambi zingine zinakuja na hasira zinapasua mabomba ya ndani. Maji ni mazito, galoni 40 ni kama kilo 150, kama mnaenda kambi yenye bomba beba theluthi ya tenki tu. Hita ni galoni 6, Mmarekani anaoga dakika tatu analalamika, sie tuliolelewa kwa ndoo na kopo tulikuwa tunaoga wawili na maji ya moto yanabaki.

Tunakuja kwenye choo, na hapa msome taratibu maana hakuna anayekuelezaga vizuri anapokukabidhi funguo.

Chini ya gari kuna matenki mawili, moja la choo, moja la maji ya sinki na bafu. Kila moja lina koki yake. Kosa kubwa la wageni ni kufika kambini yenye shimo la maji taka pale pale kwenye saiti, wakaunganisha mpira na kuacha koki ya choo wazi muda wote wakidhani ndo usafi. Maji yanakimbia, yale mengine yanabaki yanajijenga kama kichuguu chini ya choo, yakikauka hiyo ni kazi ya patasi. Koki ya choo ifungwe mpaka tenki lifike theluthi mbili au zaidi, ndo ufungue yaende yote kwa mkupuo. Ukimaliza funga, fungua ya sinki, yale maji ya sabuni yanasafisha mpira. Choo kwanza, sinki baadae, siku zote. Kila ukitumia choo tanguliza maji kwenye bakuli. Karatasi ijaribu kwenye chupa ya maji, tikisa, ikisambaratika ni salama, ikibaki kipande usiitie humo. Na kopo la kutawazia ni rafiki wa tenki kweli kweli, karatasi kidogo na maji mengi ndo tenki linachotaka, sisi hatukupata harufu hata siku moja wakati jirani yetu Gulf Shores alikuwa anamwaga dawa chupa kwa chupa.

Ila mpira wenyewe una masikio yanayojifunga kwa kuzungusha. Unasukuma, unazungusha mpaka yakamate yote. Baba Nasra kule Waveland alisukuma tu. Alivaa glavu, alivaa ndala, akaniambia sogea mke wangu hii ni kazi ya wanaume, akavuta koki. Nisiseme mengi. Kwa miaka yote niliyokaa Dar nimewaona vijana wa magari ya kunyonya maji taka wanavyofanya kazi na sikuwahi kuwaza kwamba wanazungusha ule mpira mara mbili mbili kwa sababu. Vaeni viatu vya kufunika, vuta mpira kuujaribu kabla ya koki, weka jiwe au tofali juu ya mdomo unaoingia shimoni usiruke. Na glavu box zima, sio pea mbili. Ndala tulizitupa pale pale.

New Orleans motahomu haiingii mjini. Mitaa ya French Quarter, mji mkongwe wake, ni vichochoro, acha gari kambini, chukua Uber mpaka Algiers Point, panda feri kuvuka Mississippi kama unaenda Kigamboni. Nenda Congo Square ndani ya Louis Armstrong Park, ni uwanja wa mawe na miti mikubwa tu, hakuna cha ajabu cha kuona, ila ndipo watumwa walipokuwa wanaruhusiwa kukusanyika Jumapili kupiga ngoma na kucheza na kuuza vitu vyao, na mwaka 1817 mji ukapitisha amri kwamba ni hapo tu na si kwingine. Tulikaa kwenye benchi kama saa nzima.

Chakula cha huku kitawashangaza kwa jinsi mnavyokijua. Gumbo, mchuzi wao mzito, jina lenyewe limetoka kwenye neno la bamia la lugha za Angola na Kongo. Barabarani Alabama, Florida na Georgia kuna watu wana masufuria makubwa wameandika boiled peanuts, ni karanga za kuchemsha na maganda, zile zile za stendi, na Wamarekani wa kusini wanaziitaga goober, wasomaji wa Kongo wanaojua nguba, yaani karanga, hapo watacheka. Grits ni uji mzito wa mahindi meupe, Baba Nasra aliuita ugali uliokata tamaa, mi nikiwekewa kamba juu nakula. Wenzangu Waislamu muulize kila kitu: boudin, soseji ya Louisiana, ni nguruwe, maharage mekundu yana soseji, na zile mboga za majani zinazofanana na sukuma zinapikwa na mfupa wa nguruwe hata kama menyu imeandika mboga tu. Sisi tulibeba nyama yetu ya halali kutoka Houston imegandishwa, na pilau tulipikia nje kwenye jiko dogo la gesi, maana ukipika ndani mtalala na bizari kwenye mito mpaka mrudishe gari.

Kutoka Waveland kwenda Gulf Shores mtapita Mobile, shukeni Africatown. Mwaka 1860, zaidi ya miaka hamsini tokea Marekani ipige marufuku kuingiza watumwa, meli ya Clotilda ilileta watu 110 kutoka Dahomey (Benin ya leo) usiku, halafu ikachomwa moto kuficha ushahidi. Utumwa ulipokwisha walitaka kurudi kwao wakakosa nauli, wakanunua ardhi wakajenga mji wao. Meli yenyewe imethibitishwa kupatikana kwenye tope la mto mwaka 2019, na nyumba ya makumbusho pale imefunguliwa 2023, pahala padogo, tiketi chukueni mapema. Tulipanga nusu saa, tukatoka imepita adhuhuri, sheria ya saa tisa ikavunjika siku hiyo na hakuna aliyelalamika.

Ufukwe wa Alabama na Florida mchanga ni mweupe kama unga wa sembe na maji yanaonekana mapole, ila angalieni bendera. Nyekundu mbili maana yake maji yamefungwa, usiingie hata magoti. Nyekundu moja mawimbi makali. Zambarau kuna viumbe wa kuuma. Ule mkondo unaokuvuta kwenda ndani ukikukamata usipigane nao kurudi moja kwa moja, ogelea sambamba na ufukwe mpaka ukuachie. Kwenye maji baridi ya mito na mabwawa kuna mamba wa kwao, alligator, msiwalishe na msiache mbwa kunywa maji pembeni. Na kabla hujatua kiti kwenye nyasi angalia vichuguu vidogo vya udongo laini, hao ni siafu wekundu, utingo mmoja nilikanyaga nikaongoza rivasi nacheza mdundiko.

Mkivuka mto Apalachicola Florida saa inaruka moja mbele, na ofisi za kambi zinafunga kwa saa ya kwao, sio ya kwako.

Jekyll Island kuna ada ya kila siku ya kuingiza gari kisiwani. Hapa ndo ile habari ya kuangalia juu. Mialoni ya pwani ya Georgia imeinamisha matawi barabarani na ile mimea ya kijivu inaning'inia kama ndevu za babu, picha zinatoka vizuri sana, na AC ya juu ya motahomu ina plastiki nyepesi. Kwenye njia za kambi nilitembea mbele kwa miguu naangalia juu, yeye ananifuata mwendo wa jeneza. Kisiwani kusini kuna njia ya kumbukumbu ya Wanderer, meli iliyoshusha watu zaidi ya 400 kutoka Kongo mwaka 1858, kinyume cha sheria nayo. Savannah pia gari acheni nje ya mji mkongwe, ingieni First African Baptist Church, kanisa lilikamilika 1859, kwenye sakafu kuna matundu yametobolewa kwa alama za Kikongo na wanaowatembeza wageni wanasema yalikuwa ya kupitishia hewa kwa waliojificha chini wakikimbia utumwa.

Kurudi tulipitia Montgomery na Selma. Nitasema moja tu, ule ukumbusho wa Montgomery wa weusi waliouawa na magenge ya watu, wengi kwa kunyongwa, nguzo za chuma zaidi ya 800 zinaning'inia, kila moja ina jina la kaunti, ndo wilaya za huku. Msiupange siku moja na safari ndefu. Sisi tuliendesha maili 50 baada ya hapo tukasimama.

Watu wananiuliza kama tuliogopa, weusi wawili na lafudhi zetu kwenye kambi za Mississippi. Kambi nyingi tulikuwa weusi peke yetu ndio. Wazee wa kambini wanakuangalia dakika moja, ya pili wanakuja na spana kukuonyesha jinsi ya kufunga mpira. Usiku lakini hatukuendesha njia za ndani, na hilo lilikuwa kusudi.

Tonado: motahomu sio kinga, ni mfuniko wa sufuria. Ukifika kila kambi uliza vitu viwili unapochukua namba ya saiti, jina la kaunti mliyopo maana redio na tivii zinataja kaunti, na jengo gani la kukimbilia, mara nyingi ni mabafu ya tofali. Simu ikiandika watch kaeni macho, ikiandika warning hamvai hata viatu, mnatoka. Sisi ilitukuta mara moja tu, Alabama, saa nane usiku, tulikaa bafuni na familia tatu na kasuku mmoja. Dakika arobaini. Hakikupita kitu ila tawi lilidondoka saiti ya pili kutoka kwetu.

Siku ya kurudisha amkeni mapema mno. Matenki yote yawe matupu, mafuta yafike pale yalipokuwa, ndani pafagiliwe, kabati zote zifunguliwe mara ya mwisho maana chaja na sandarusi za bizari zinabakiaga humo. Piga picha ya maili, ya mita ya masaa ya jenereta, ya pembe zote nne na ya juu ya paa kama unaweza kupanda, kisha rudia ile video mliyorekodi siku ya kwanza mkiwa na aliyewakabidhi. Doa la samli kwenye zulia nilisema mwenyewe kabla hawajaliona, wakakata dola 40.